Ulaini Usiotoka

Milembe alikuwa amezamisha mikono ndani ya pipa hadi viwikoni, akiitafuta pembe ya ngozi iliyojificha chini ya nyingine. Pipa lilikuwa la mbao, refu kuliko mtu mrefu, limelala ubavu, na mlango wake mdogo ulikuwa wazi ili apime. Aliipata ile pembe, akaivuta hadi kwenye mwanga, akaikunja mara mbili, akaiminya kwa vidole na kuiachia. Mkunjo ulifunguka taratibu bila kuacha mstari mweupe.

"Tumbo limekubali," alisema. "Mgongo umekubali. Shingo bado inabisha."

"Shingo zote hubisha," alijibu Minza, mwendesha mapipa, akiwa ameegemea swichi. "Njoo kwangu uone. Yule mume wangu akishasema hapana, hata umloweke mwezi mzima."

Milembe alicheka kwa pua tu. Alikuwa na uchovu ambao hautokani na kazi ya siku moja. Uchovu wa mtu ambaye jambo lake limefanikiwa, na sasa inambidi aamke kila asubuhi alilinde lisiharibike. Aliurudisha mkono ndani ya pipa kuitafuta shingo nyingine.

Kutoka mtoni ikasikika ile sauti ya kike isiyo na haraka: "Maji ya Mhunda yamepita. Mto u salama."

Wote wawili walinyamaza mpaka ilipomaliza, kwa mazoea. Lilikuwa Sikio la Mto. Tangu mito ilipopewa haki zake, kila mto uliwekewa mlingoti uliosimama majini ukionja kila kinachopita. Sikio likichukia jambo halikuandika barua wala kutuma mtu. Lilikata umeme wa mkosaji, na kibali chake kikaenda kwa aliyefuata kwenye foleni. Mto mmoja, kiwanda kimoja cha ngozi. Ndivyo sheria ilivyosema. Hivyo ndivyo kiwanda kilichotengeneza ngozi kwa kemikali ya kromu, upande wa juu wa daraja, kilivyozimwa, na hivyo ndivyo kiwanda cha Mhunda, na kilainishi cha ngozi alichokibuni Milembe, vilivyopata nafasi. Wenye kromu hawakuhama. Walijenga matangi mapya ya kufungia maji yao machafu, wakakaa wanangoja.

"Hodi humu."

Aliyeingia alikuwa Lugembe, mume wa mdogo wake Milembe, mfugaji wa upande wa bondeni. Begani alibeba ngozi mbichi iliyotiwa chumvi, na aliibeba kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Mwadila, shemeji."

"Mwadila. Umechinja? Msimu huu wa kulima?"

"Sikupenda. Nimemchinja Waziri."

"Waziri!" Minza akashika kiuno. "Yule maksai aliyekuwa analima kuliko wewe mwenyewe?"

Lugembe hakucheka. Aliitandaza ngozi juu ya meza ya mawe, upande wa manyoya chini. "Alikuwa anavuta plau. Wala hakuvuta kwa nguvu, udongo ulikuwa umelowa. Nira ikasogea, na ngozi ya shingo ikasogea nayo. Ikaenda moja kwa moja, nyama ikabaki wazi." Akafuta midomo. "Hakulia, shemeji. Hilo ndilo lililonitisha. Alisimama tu ananitazama."

Milembe alianza kupapasa kutoka mkiani, kwa utaratibu wake wa siku zote. Paja lilikuwa gumu na zito, kama ngozi mbichi inavyotakiwa kuwa. Mgongo vivyo hivyo. Alipofika shingoni vidole vyake vilisimama. Alikunja, akaminya, akaachia. Mkunjo ulifunguka taratibu na haukuacha mstari.

Ngozi ile haikuwa imeingia katika pipa lolote.

Jambo la kwanza alilofikiria ni mto. Kama kilainishi kilikuwa kinapita ndani ya maji bila Sikio kukionja, basi kila ng'ombe, kila mbuzi, kila mtu wa bondeni alikuwa anakinywa. Akamgeukia Lugembe.

"Wengine je? Wanakunywa mto huohuo?"

"Huohuo. Wazima wote."

"Na huyu, ni shingo peke yake?"

"Shingo peke yake."

"Shingo ulimpaka nini, Lugembe?"

Lugembe alimtazama Minza. Minza alikuwa ameanza kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

"Maji ya mwisho," alisema Lugembe. "Alikuwa na kidonda cha nira. Kikafunga vizuri ajabu, mpaka majirani wakaja kuona."

Milembe alikaa juu ya gunia la chumvi. Pipa likimaliza kazi, chini yake hubaki kilainishi kizito kidogo kisichofaa kurudiwa, ndicho watu walichokiita maji ya mwisho. Na kwa watu wa Mhunda, aliyepika au aliyechemsha kitu hamwagi masalio wakati jirani amesimama uani na chombo mkononi. Hilo halikuhitaji kusemwa. Siku za kufungua mapipa watu walikuja getini na chupa zao, na Minza akawamiminia. Milembe mwenyewe alikuwa ameridhia: kwa ajili ya kamba, kwa ajili ya mikanda ya nira. Na siku ya uzinduzi, watu walipouliza kama kitu hicho kina sumu, yeye ndiye aliyechota glasi akainywa yote mbele yao. Walipiga makofi. Kitu ambacho fundi amekinywa, nani ataogopa kukipaka?

"Wako wengine wanaopaka?"

"Shemeji," alisema Lugembe kwa upole, "uliza nani hapaki."

*

Katika chumba cha majaribio Milembe alikata kipande cha shingo ya Waziri, akakigawa vipande vidogo na kuviweka katika bakuli: kimoja katika maji ya chumvi, kimoja katika maji ya magadi, kimoja katika siki, kimoja katika maji ya moto. Hakutegemea sana. Alikijua kile alichokitengeneza.

Ngozi ni nyuzi. Ikiwa hai, nyuzi zake zimelowa na zinateleza. Ikikauka zinashikana, na ngozi inakuwa kama bati. Wazee waliipaka samli na kuikanyaga mchana kutwa. Viwanda vilitumia mafuta ya samaki, ambayo nusu yake yalitoka na maji ya kuoshea na kutanda juu ya mto. Milembe, ambaye alianza kwa kazi ya kupaka ngozi mbichi chumvi na akajisomea kemia mwenyewe kwa masomo ya simu, alitaka kitu kisichotoka. Alichukua mafuta ya nyonyo na maji ya mkonge, akayaunganisha kuwa polima: minyororo midogo, kila mmoja mwenye upande unaong'ang'ania uzi wa ngozi na upande unaopenda maji. Mnyororo uliingia katikati ya nyuzi, ukazitenganisha, ukakaa hapo. Ukianguka mtoni, vijidudu viliula kabla haujafika darajani. Ukimezwa, tindikali ya tumbo iliukatakata kama shanga. Lakini ukishaingia kati ya nyuzi, hakuna kilichouondoa. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake.

Nao haukujua tofauti ya ngozi iliyokufa na ngozi iliyo hai. Ngozi nzima, isiyo na mkwaruzo, iliuzuia; hilo alilipima zamani kwenye mkono wake mwenyewe, na ndiyo maana mikono yake ilikuwa salama hata baada ya kuzama humo miaka yote hii. Penye ufa ulipita, ukaitenga ngozi na nyama, na hata na maumivu. Na ni nani hupaka dawa mahali pazima?

Siki ilikilegeza kile kilainishi kidogo, lakini siki ya ukali ule ingemchoma mtu. Bakuli nyingine zilikuwa kama alivyoziacha.

Luhende, meneja wa kiwanda, aliingia akiwa ameshika miwani yake mkononi. Alikuwa mwalimu zamani, na bado aliposikiliza aliinamisha kichwa kama anayemngoja mwanafunzi amalizie jibu. Milembe alimweleza yote. Hakumkatiza.

"Mto wenyewe ni safi?" aliuliza mwishoni.

"Mto ni safi. Sikio halijasema uongo. Linaonja maji, halionji watu."

"Lakini malalamiko linayasikia." Luhende alivaa miwani, akaivua tena. "Watu wachache tu wakililalamikia, linazima kwanza, kuuliza ni baadaye. Na tukishazimwa, wale wa kromu watakuwa wamewasha kabla jua halijazama. Matangi yao unayajua."

Aliyajua. Matangi ya namna ile yalipasuka alipokuwa msichana, maji ya mto yakageuka rangi ya shaba iliyooza, na mama yake aliota vidonda mikononi ambavyo alizikwa navyo.

"Simaanishi tufiche," alisema Luhende. "Naomba unielewe, dada. Nasema tuende nyumba kwa nyumba. Turudishe chupa, tumwambie kila mtu peke yake, polepole, mpaka aelewe. Mapipa yazunguke, na wewe utafute dawa ya kukitoa kilainishi. Ukisimama mbele ya watu wote mara moja, watasikia neno moja tu: sumu. Halafu watarudi kuoga sumu ya kweli."

Milembe hakuona ubaya katika maneno yale. Mwenyewe alikuwa ameyafikiria hivyohivyo kabla Luhende hajafungua mdomo, na labda ndiyo sababu yalimchosha kuyasikia.

"Nitaanza leo," alisema.

*

Lugembe alimpeleka kwa guta lake la umeme la magurudumu matatu, Milembe akiwa amekaa nyuma penye majani ya ng'ombe, na ndoo tupu ya kukusanyia chupa katikati ya miguu.

Kaya ya kwanza ilikuwa ya Bibi Nyanzobe, ambaye aliwapokea amekaa mkekani, akanyoosha miguu yote miwili kabla hata ya salamu kwisha.

"Fundi wangu! Tazama kazi yako. Visigino hivi vilikuwa na magaga ya kuchana shuka. Marehemu alikuwa analala ukutani ananikimbia. Laiti angekuwepo leo!"

Milembe alichuchumaa akaushika mguu. Kisigino kilikuwa laini kama shavu. Katikati palikuwa na tundu jekundu.

"Hapa pana nini, bibi?"

"Mwiba. Mjukuu ndiye aliyeutoa, mimi nilidhani ananitekenya." Bibi akacheka, kisha akaona kwamba mgeni hacheki. "Nini?"

Milembe alimweleza. Alieleza taratibu, kwa maneno mepesi, na ilichukua muda mrefu, maana kila alipofika mahali bibi alimrudisha nyuma. Mbona ulikunywa? Mbona kidonda kilifunga? Mbona mbuzi wa jirani alipakwa na hakudhurika? Mwishoni Bibi Nyanzobe aliinua mkeka akatoa chupa, akaiangalia kwenye mwanga.

"Unanipa nini badala yake?"

"Sina kitu, bibi. Viatu nitakuletea. Usitembee bila viatu tena."

"Kwa hiyo umekuja kunirudishia uzee wangu." Akaitumbukiza chupa ndoani. "Haya. Ni wangu, nilikuwa nimeuzoea."

Kaya ya pili mwenyewe hakuwepo. Ya tatu walikataa kwamba wana chupa, na chupa ilikuwa inaonekana dirishani. Milembe alieleza tena, upya, kutoka mwanzo, na alipomaliza jua lilikuwa limeshuka kwenye mapaja ya milima. Ndoo ilikuwa na chupa mbili. Bonde lote lilikuwa bado liko mbele yao.

"Kwa mwendo huu tutamaliza wajukuu wangu wakiwa na mvi," alisema Lugembe.

"Twende tu."

Kaya ya nne ilikuwa ya Sundi, mama kijana aliyekuwa anatwanga. Aliacha mchi ndani ya kinu na kuwaletea vigoda. Milembe alipotaja maji ya mwisho, uso wake ulichangamka.

"Mayu, mama yetu wewe, Mungu akubariki. Wande! Njoo umwonyeshe fundi mkono."

Mtoto wa kike wa kimo cha kinu alitoka jikoni, akanyoosha kiganja.

"Aliutumbukiza kwenye uji unaochemka," alisema Sundi. "Ukafanya malengelenge, ukachubuka wote. Nikawa nalala naye hivi, kifuani, usiku anapiga kelele. Nikampaka yale maji. Tazama sasa. Hata kovu hakuna."

Hakukuwa na kovu. Kiganja kilikuwa cheupe kidogo, kinang'aa, na mistari ambayo kila binadamu anayo ilikuwa imefutika. Milembe aliweka kidole gumba katikati ya kiganja kile, bila kukandamiza, na akakisogeza kidogo tu. Ngozi ilisogea pamoja na kidole. Nyama chini yake ilibaki mahali pake.

Aliondoa mkono haraka.

"Inauma?" alimwuliza mtoto.

"Hapana," alisema Wande. "Hata kijinga cha moto hakiumi. Nilishika."

Sundi akamgeukia. "Ulishika kijinga?"

"Kidogo tu."

Milembe alivua kitambaa chake cha kichwani, akakikunja, akaufunga ule mkono kwa kulegea, kidole kwa kidole. Alipokuwa anafunga aliongea. Alimwambia Sundi asimwache ashike kamba, wala mchi, wala mwiko, wala kitu chochote cha kuvuta. Asimshike kwa mkono ule wanapovuka barabara; amshike kwa ule mwingine.

Sundi alisikiliza amesimama. "Mpaka lini?"

"Sijui."

"Unajua kuyatengeneza, hujui kuyatoa?"

"Sijui bado. Ndivyo ilivyo."

Sundi hakupiga kelele. Aliingia ndani akatoka na chupa, nayo ilikuwa na maji ya kunywa.

"Yameshaisha," alisema. "Nusu nilimpa dada yangu, aliyeolewa ng'ambo. Mtoto wake ana upele. Na ile siku ya ngoma ya mavuno, wanawake walikuja na vichupa vya dawa ya macho, kila mtu akachukua tone. Siwajui wote. Walikuwa wanamtazama Wande, wanasema mkono huu mkono huu." Akaiweka chupa chini. "Nilikuwa najivuna nao."

Milembe alibaki kwenye kigoda. Aliliona bonde kama alivyoliona saa chache zilizopita, kaya na kaya, na njia katikati yake. Ila sasa kila njia ilizaa nyingine, na mwisho wa kila moja kulikuwa na kichupa asichoweza kukifuata na mtoto asiyemjua jina. Aliitazama ndoo. Hesabu ya Luhende ilikuwa nzuri na ya huruma, lakini ilikuwa hesabu ya kitu kilichobaki mikononi mwa wale waliokichukua.

Akatoa simu akampigia, palepale, mbele ya Sundi, kwa sababu hakuona haki ya kusogea pembeni.

"Ndugu Luhende, yamegawanywa. Hayakusanyiki tena."

Upande wa pili ilisikika sauti ya kiti kikivutwa. "Mnada ni kesho," alisema Luhende.

"Najua. Wote watakuwepo, wa huku na wa ng'ambo. Nitasema pale."

"Watatuzima kabla hujashuka jukwaani."

"Zima wewe kwanza, leo. Mwambie Minza azitoe ngozi zilizomo na azitie chumvi, zisioze. Wakija watukute tumezima wenyewe."

"Na kromu?"

Alifumba macho. Aliiona ile rangi ya shaba. "Sina jibu la kromu," alisema. "Nikilingoja ndipo niseme, huyu mtoto atakuwa ameshashika kamba ya kisima."

Luhende alikohoa. "Nitamwambia Minza," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezeeka. "Kesho nitakuja kusimama karibu yako. Sitasema kitu, lakini nitasimama."

*

Njia ya kurudi ilikuwa ya vumbi na guta lilikwenda polepole, betri ikiwa imechoka kama abiria wake. Milembe alikuwa anajaribu maneno ya kesho kwa sauti.

"Ndugu zangu, kilainishi chetu kikimezwa hukatwa na tumbo, lakini kikipita kwenye ngozi yenye ufa hushikana na—"

"Wameondoka," alisema Lugembe bila kugeuka.

"Nani?"

"Watu wa mnadani. Yule wa kwanza ameenda kuangalia bei ya ndama, wa pili amemfuata."

Alianza tena, kwa ufupi. Lugembe alisikiliza, akatikisa kichwa. Alianza mara nyingine, akaanzia kwa Waziri, akaanzia kwa mtoto, akaona si vizuri kumtaja mtoto wa watu mbele ya umati, akaacha. Alipotaka kueleza kwa nini yeye alikunywa na hakudhurika, sentensi ilirefuka tena yenyewe, ikajaa lakini na isipokuwa.

"Shemeji," alisema Lugembe, "pale kuna makelele, kuna ng'ombe, kuna spika ya muuza dawa za panya. Neno la kwanza liwe moja tu. Msipake."

"Msipake," alirudia.

"Ee. Hilo watalisikia."

"Halafu wataniuliza kwa nini. Na wengine watasema ni sumu, wakalalamikie Sikio. Na mwingine atasema wivu wa wenye kromu, aende nyumbani akapake."

"Ndiyo."

"Sasa neno la pili ni lipi?"

Lugembe aliendelea kuendesha. Walipita shamba lake lililolimwa nusu, plau ikiwa bado imekwama kwenye mfereji wa udongo, naye hakuiangalia. Mbele yao taa za kiwanda zilikuwa zimezimika, na madirisha yake yalionekana meusi kabla ya giza lenyewe kufika.

"Hilo silijui," alisema hatimaye, akasimamisha guta kwenye njia panda. "Lala kwanza. Nitakupitia alfajiri, tutaendelea nalo njiani."